Barua ya wazi kwa viongozi wa mji wa Goma: tunaomba kilima kimoja kidogo cha watoto

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mji wa Goma, kwa wakuu wa komini za Goma na Karisimbi, kwa wakuu wa mitaa na wa nyumba kumi, na kwa wakurugenzi wa shule za watoto wadogo.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima ili kuomba jambo moja: mji wetu utenge kipande cha ardhi yenye mteremko wa taratibu, kilicho mbali na barabara, kiwe mahali ambapo watoto wa miaka minne hadi minane watafundishwa kushuka kilima kwa chukudu ndogo, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili kisukumwacho kwa mguu, na, zaidi ya yote, kufundishwa kusimama. Siombi uwanja wa mpira, kwa kuwa huo una watetezi wake wengi, wala siombi jengo. Ninaomba kilima, na ninakiomba kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi kilima kidogo kinavyoweza kumlea mtoto, ingawa niliyaona hayo katika nchi ya baridi, na ingawa mchezo wenyewe ulikuwa wa kuteleza kwenye theluji kwa zile mbao nyembamba za miguuni ziitwazo ski.

Ninyi nyote mnaijua barabara inayotelemka kutoka Kibumba kupitia Kibati hadi mjini. Mmewaona wanaume wakishuka na chukudu zilizosheheni kabichi, viazi na magunia ya makala (makaa), goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukiwa tayari kukanyaga kile kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma, ambacho ndicho breki yao. Mji huu umewaheshimu watu hao kwa kuisimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara, na wanaistahili. Lakini nyuma ya wanaume hao wako watoto wao na watoto wetu, wenye chukudu ndogo walizojichongea wenyewe kwa vipande vya mbao, ambazo karibu zote hazina breki, na ambao kilima chao cha mazoezi ni mtaa wowote unaoshuka, hata kama mtaa huo unaishia kwenye barabara ya malori na pikipiki.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mtoto wa miaka saba, alishuka mtaa wa namna hiyo. Dereva wa lori alimwona mapema, na mtoto naye alijitupa pembeni juu ya mawe ya volkano, ambayo hakuna kati yetu asiyejua yanavyokata. Nilipokwenda kumsalimu nyumbani alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu wa kushoto ukiwa umefungwa plasta hadi juu ya goti, na goti la kulia lina kidonda kilichokuwa bado na chembe nyeusi ndani yake. Nilimuuliza ilikuwaje. Alinijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesahihisha hesabu: "Mwalimu, kushuka nilijua. Kusimama ndiko sikujua." Barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani tangu siku hiyo.

Sasa niruhusuni niwaeleze nilikoona mambo yakifanywa kwa mpangilio mwingine. Mume wangu alipata nafasi ya masomo katika mkoa wa Québec, nchini Kanada, tukaondoka Goma binti yetu akiwa na miaka mitatu na kukaa katika mji mdogo kwa majira sita ya baridi. Karibu na kanisa la mji huo palikuwa na kilima ambacho mtu wa Bukavu asingekubali kukiita kilima. Kutoka chini hadi juu kimo chake hakikufika mita 40. Mont-Tremblant, mlima mashuhuri wa kuteleza katika mkoa huohuo, una mteremko wa mita 645 kutoka kileleni hadi chini, na watu husafiri kutoka nchi nyingine kwenda kuushuka. Wazazi wa mji wetu hawakuwapeleka wadogo wao huko. Waliwapeleka nyuma ya kanisa, kwa miguu, baada ya shule, mahali ambapo mzee aliyekuwa fundi bomba kabla ya kustaafu ndiye aliyeendesha mashine ya kamba ya kuvuta watu kwenda juu, akina mama waliuza supu ili kulipia umeme wa taa za jioni, na kila mtu alimjua mtoto wa kila mtu kwa jina.

Vifaa havikuwa vipya. Kila mwaka, kabla theluji haijaanguka, familia zilikusanyika katika ukumbi wa shule na kubadilishana viatu na ski zilizokuwa zimewabana watoto wao. Ndani ya buti za binti yangu kulikuwa na majina matatu yaliyofutwa kwa kalamu, moja chini ya jingine. Nikaandika la kwake, likawa la nne. Nilifundishwa pale pale kosa ambalo wazazi wengi hulifanya kwa nia njema, la kumchukulia mtoto kiatu kikubwa ili kimtoshe hadi mwaka ujao. Katika mchezo ule mguu unaocheza ndani ya kiatu hauwezi kuiongoza ski, kwa hiyo mtoto huonekana mzembe au mwoga wakati kosa liko kwenye kipimo cha kiatu. Ski zenyewe huwa fupi, zinamfikia mtoto kidevuni au chini yake, na fimbo za mkononi wadogo hawapewi kabisa, kwa kuwa mwanzoni humshughulisha mtoto bure na zinaweza kumchoma mwenzake.

Jumamosi ya kwanza hakuna mtoto aliyepandishwa kilima. Hilo lilinishangaza, na pengine ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyojifunza. Walianza mahali tambarare wakitembea na buti peke yake, buti zile nzito ambazo humfanya mtoto atembee kama amebeba ndoo mbili za maji. Baadaye mwalimu wao, msichana wa miaka kama ishirini, aliwafunga ski moja tu, mguu mmoja ukabaki huru, akawaambia wasukume ardhi kwa mguu ulio huru na kuuacha ule mwingine uteleze. Sukuma, teleza. Sukuma, teleza. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka minne na ambaye kwa wiki nzima alikuwa hataki kusikia habari ya theluji, aligeuka akanitafuta kwa macho na kupaza sauti: "Mama, ni chukudu!"

Mwalimu akauliza neno hilo lina maana gani. Nilipiga magoti nikachora kwa kidole juu ya theluji: magurudumu mawili ya mti, ubao, usukani wenye mikono miwili kama pembe za ng'ombe. Aliitazama picha ile kwa muda, kisha akaniambia kwamba kama mtoto amekulia kwenye kitu cha namna hiyo, basi nusu ya somo ameshakuja nalo. Waheshimiwa, mimi nilikuwa nimeishi Goma miaka zaidi ya thelathini na sikuwahi kuiona chukudu kama somo.

Jumamosi ya pili walifunga ski zote mbili, wakajifunza kusimama kabla ya kujifunza kwenda. Mtoto hufundishwa kukaribisha ncha za mbele na kufungua mikia ya nyuma, hadi ski mbili zifanye umbo la kabari. Katika umbo hilo kingo za ndani huchimba theluji na mwendo hupungua. Kabari ikifunguliwa zaidi, mtoto husimama. Watu wazima wana jina la kitaalamu la umbo hilo, lakini wadogo waliambiwa watengeneze kipande cha piza, kwa sababu mtoto wa miaka minne hajui pembe ni nini katika hesabu, ila kipande cha piza anakijua vizuri sana. Hapa kwetu ningewaambia watengeneze paa la nyumba. Wale ambao miguu yao ilikuwa bado dhaifu walifungiwa kidude cha mpira kinachoshikanisha ncha mbili za mbele zisiachane. Mwalimu alishuka mbele yao kinyumenyume, mgongo ukitazama chini na uso ukiwatazama wao, mikono ikiwa tayari kudaka ncha za ski za yeyote aliyeanza kukimbia.

Kisha ukaja mchezo wa taa. Mwalimu akisema kijani, wanateleza. Akisema nyekundu, wanafanya kabari na kusimama. Nilihesabu siku moja, nikiwa nimesimama pembeni na mikono mfukoni: katika mteremko ambao haukuzidi urefu wa uwanja wa shule yetu, binti yangu alisimama mara kumi na mbili. Hakuna aliyemhubiria kuhusu hatari. Alisimama mara kumi na mbili akicheka, na mwili wake ukashika somo. Baada ya dakika kama arobaini na tano wote waliitwa ndani kunywa kitu cha moto, hata wale waliolia kwamba wanataka kuendelea, kwa kuwa ajali nyingi za wadogo huja pale miguu inapochoka na akili ikahama.

Walifundishwa pia kuanguka. Mtoto anayeona anashindwa kujizuia anaambiwa akae chini kwa upande, kuelekea juu ya kilima, badala ya kujirusha mbele na mikono. Na kabla ya kuruhusiwa kutumia lile zulia linalotembea la kupandishia wadogo, walipanda kilima kwa miguu yao, hatua za upande kama kaa wa pwani. Mtoto aliyekipanda kilima kwa miguu anaujua mwinuko wake na haudharau. Jambo la mwisho lilikuwa kanuni. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilitunga kanuni 10 za mwenendo mwaka 1967, nazo zinabandikwa kwenye vilima hadi leo, lakini wadogo wale walifundishwa moja tu: aliye chini yako hana macho kisogoni, kwa hiyo wewe uliye juu ndiwe mwenye wajibu wa kumkwepa. Sijui ni ajali ngapi zingeepukwa kwenye mitelemko ya mji wetu kama kila kijana mwenye pikipiki angekuwa ameisikia kanuni hiyo akiwa na miaka mitano.

Ninajua nitaambiwa kwamba huo ni mchezo wa matajiri wa nchi za baridi. Leo, katika sehemu nyingi, ni kweli ni wa gharama kubwa, na mimi nisingewaomba hata faranga moja kwa ajili ya kuuleta hapa. Asili yake lakini ni kama asili ya chukudu. Huko Norway ski zilikuwa kifaa cha kazi: za kuwindia, za kuendea kuni, za kufikia jirani wakati njia zimezikwa. Sondre Norheim, ambaye wapenzi wa mchezo huo humwita baba wa utelezaji wa kisasa, alizaliwa mwaka 1825 katika familia maskini isiyokuwa na ardhi yake, kwenye bonde la Morgedal, katika jimbo la Telemark. Alisokota vijiti vya miti vinavyopindika akavizungusha kisigino, ili ski ishikamane na mguu hata mtu anaporuka au kukata kona. Mwaka 1868 aliwashangaza watu wa mji mkuu kwa ustadi wake. Watoto wa bonde lile walijifunzia kwenye vilima vya karibu na nyumba. Na huko Woodstock, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kamba ya kwanza ya kuvuta watelezaji nchini humo ilifungwa mwezi Januari 1934 kwenye kilima cha malisho ya mkulima, ikaendeshwa na injini ya gari la Ford Model T. Sisi wa Goma, ambao injini moja kwetu huishi maisha matatu, hatuhitaji kuelezwa akili ya namna hiyo.

Nitaambiwa pia kwamba kilima kidogo hutoa watoto wadogo wa fikra. Lindsey Vonn wa Marekani, aliyepata dhahabu ya mbio za kushuka mlima katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 na ambaye ameshinda mbio zaidi ya 80 za Kombe la Dunia, alikulia kwenye Buck Hill, kilima cha Minnesota ambacho kimo chake hakifiki mita 100. Kwa kuwa mteremko wake ni mfupi, mtoto huurudia mara nyingi sana katika jioni moja, na kurudia huko ndiko kunakofundisha. Kwa upande mwingine yuko Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyeingia katika mchezo wa ski akiwa mtu mzima, mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akashindana katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, wa 92, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Ninamheshimu mtu yule kwa moyo wote. Ninachokiona katika habari yake ni jinsi mwili wa mtu mzima unavyohangaika kujifunza kile ambacho mtoto wa miaka minne hukipata kwa mchezo katika msimu mmoja.

Theluji yenyewe si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Kuna asubuhi chache, baada ya usiku wa mvua na baridi, ambapo kilele cha Karisimbi, mita 4,507 juu ya bahari, huonekana cheupe, na jina la mlima huo, ambalo komini yetu moja inalibeba, linatokana na weupe wa simbi, yaani kauri, neno ambalo hata Kiswahili kinalo. Kaskazini yetu, Rwenzori bado ina barafu katika kilele cha Margherita, mita 5,109, kwenye mpaka wetu na Uganda, ingawa barafu hiyo imepungua sana tangu mwanzo wa karne iliyopita. Wanafunzi wangu huniuliza kama watu wanaweza kuteleza huko. Ninawaambia hapana, kisha ninawaonyesha picha za binti yangu, na wao huuliza swali ambalo limenisukuma kuwaandikia ninyi: "Na sisi kilima chetu kiko wapi?"

Kwa hiyo nieleze ni kilima cha namna gani tunachoomba, kwa kuwa mteremko wowote hautafaa. Uwe na urefu wa mita kama 40, unaoshuka mita moja kwa kila mita 20, hivi kwamba mtu mzima anayetembea haraka aweze kumfikia mtoto aliye kwenye chukudu. Chini yake pawe na uwanja tambarare wa mita 20 hivi, na mwisho wake pawe na kijinuko kidogo cha kumsimamisha hata yule ambaye amesahau breki. Njia ya kupandia iwe pembeni, imetengwa kwa kamba au ua wa majani, ili anayepanda asikutane na anayeshuka. Maji ya mvua yawe na mfereji wake, kwa sababu katika mji huu mvua moja kubwa inaweza kukichimba kilima na kukifanya korongo.

Ardhi yetu ni lava ya volkano yetu, Nyiragongo. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika ukingoni mwa mji. Juu ya mawe hayo tumejenga nyumba na shule, na juu ya mawe hayo hayo watoto huanguka. Kilima cha watoto lazima kiondolewe mawe yenye makali na kufunikwa kwa ule mchanga mweusi wa volkano, tabaka nene, ambao una faida mbili: hupokea mwili unaoanguka, na hupunguza mwendo wa gurudumu. Pembeni paoteshwe nyasi fupi.

Lakini kuna jambo moja ambalo vilima vya Québec havina na ambalo hapa kwetu haliwezi kuachwa. Katika maeneo ya magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Mugunga na kuelekea Sake, kuna mabonde na mashimo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama. Sisi wenyewe tumeipa jina, mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo wakalitumia katika maandishi yao. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haionekani, na hujaa zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu yake wakati mbuzi na mtoto walio pembeni mwake wamezama ndani. Sasa fikirieni: mchezo tunaouzungumzia unamleta mtoto mfupi mahali pa chini kabisa pa kilima, akiwa anahema, na mara nyingine akiwa ameanguka. Ninawasihi, kabla ya kutenga eneo lolote, wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma waombwe kupima sehemu ya chini ya mteremko, asubuhi mapema na si mchana peke yake, na kupima tena katika misimu tofauti. Eneo likiwa na shaka yoyote, liachwe, hata kama ni zuri namna gani na hata kama limetolewa bure.

Chukudu zenyewe si tatizo, kwa kuwa mafundi tunao. Tunahitaji kama ishirini, zilizochongwa kwa kipimo cha mtoto: usukani umfikie kifuani, ubao uwe chini ili mguu wa kusukuma ufike ardhini bila kupinda mgongo, magurudumu yavishwe mpira, na kila moja, bila kukosa hata moja, iwe na breki ya tairi nyuma. Ziwe mali ya kilima na si za familia, kama zile buti zenye majina manne, ili mtoto ambaye baba yake hana mbao wala misumari apande chukudu ileile anayopanda mtoto wa daktari. Kofia za kukinga kichwa ni gumu zaidi. Helmeti ya pikipiki ni nzito mno kwa shingo ya mtoto wa miaka mitano, kwa hiyo tutatafuta zile nyepesi za baiskeli, na hapo tutahitaji msaada wenu wa kuzungumza na wafanyabiashara. Kusawazisha ardhi kunaweza kufanywa kwa salongo (siku za kazi ya pamoja ya mtaa) mbili au tatu ikiwa wakuu wa mitaa wataitisha. Wa kufundisha wapo: waendesha chukudu wazee, ambao magoti yao yamechoka kubeba makala lakini ambao wanaijua breki kuliko mtu yeyote katika mji huu, na walimu wa chekechea, ambao tunawajua watoto. Kila mmoja atamfundisha mwenzake kabla ya mtoto wa kwanza kupanda.

Ninaomba pia wasichana wasisahauliwe. Chukudu kwetu ni kazi ya wanaume, na kwa sababu hiyo msichana mdogo husimama pembeni akimtazama kaka yake, kisha akiwa mkubwa huambiwa ni mwoga wa baiskeli na wa pikipiki. Kwenye kilima nilichokiona mimi, watoto walipangwa kwa umri na kwa walichokwisha kukiweza. Jioni moja ya mwezi wa pili binti yangu alishuka kutoka juu kabisa peke yake, akasimama mbele ya miguu yangu kwa kabari nzuri, kisha akanitaka nisogee nyuma kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali pa kusimamia yeye.

Mtaniambia, na mna haki ya kuniambia, kwamba mji umepitia mengi, kwamba wako watu wasio na maji na wengine wasio na nyumba, na kwamba mtu anawezaje kuandika kurasa nzima juu ya mchezo. Nami ninaishi humu humu na ninachota maji pale pale mnapochota. Nimewaza sana juu ya hoja hiyo kabla ya kuandika. Ninachokijua ni kwamba watoto hawakusubiri hali itengemae ndipo waanze kushuka. Wanashuka leo, wakati ninaandika mstari huu ninawasikia nje, magurudumu ya mti yakigonga mawe. Uamuzi uliobaki mikononi mwetu ni mahali watakaposhukia, na kama mwishoni mwa mteremko watakuta mchanga au lori. Na wale watoto waliofika hapa wakikimbia vita, ambao wengi wao niko nao darasani, ndio ambao ningependa wawe wa kwanza kufundishwa kwamba mwendo mkali unaweza kuwa mikononi mwa mtu mwenyewe, akauongeza na kuusimamisha apendavyo.

Kwa hatua ya kwanza ninaomba tu haya: komini mbili zitupatie orodha fupi ya maeneo ya umma yenye mteremko usio na barabara chini yake, wataalamu waende kuyapima kuhusu mazuku, na tuitwe, walimu, wazazi na waendesha chukudu, kwenye kikao kimoja ili kuchagua. Fedha tutazungumza baadaye, na hazitakuwa nyingi.

Chukudu mbili za mfano zimekwisha kuchongwa na fundi wa mtaa wetu, mmoja wa wale wazee niliowataja. Breki zake tumezijaribu mara nyingi kwenye njia ya ndani ya shule, na ya pili ilibidi irudishwe kwa fundi kwa sababu kipande cha tairi kilikuwa kigumu mno kwa mguu wa mtoto; sasa kinabonyea. Zimeegemezwa ukutani darasani kwangu, na yeyote kati yenu atakayependa kuziona atakaribishwa siku yoyote ya masomo, baada ya saa sita mchana, watoto wanapokuwa wameshakwenda nyumbani.

Kwa heshima,

Mama mwalimu wa chekechea, komini ya Karisimbi, Goma